Kashinje Makene na Kamba Aliyoikata Ingulumo

Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na dada wa marehemu, Rosemary Makene, nyumbani Nkalanzi, wilaya ya Momba, leo Alhamisi tarehe 5 Juni 2025. Wachungaji, viongozi wa kijiji, majirani, na wageni mliotoka Tunduma, Mlowo na ng'ambo ya mpaka, tunawaomba mtuvumilie hadi mwisho. Yapo mambo ya ndugu yetu yaliyosemwa sana katika kijiji hiki, na nusu yake haikuwa kweli. Leo yanasomwa yote, kwa ruhusa ya anayehusika, ambaye ameketi hapa mbele bega kwa bega na mama yetu.

Marehemu Kashinje Makene alizaliwa siku ya Jumatano tarehe 14 Machi 1984 hapa Nkalanzi, wakati huo ikiwa wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Makene Ng'wandu, aliyetangulia mbele za haki mwaka 2006, na mama yetu, Mayu Kabula, ambaye tunaye hapa. Wazazi wetu walihamia bonde hili mwaka 1982 wakitoka Maswa na ng'ombe arobaini na moja, wakifuata malisho. Kashinje alizaliwa kibanda kikiwa bado hakijaezekwa upande mmoja, na mama husema mvua ndiyo iliyomwosha kabla ya mkunga. Labda ndiyo maana hakuyaogopa maji, ingawa mama mwenyewe anaogopa hata kuvuka mfereji.

Alisoma Shule ya Msingi Nkalanzi kuanzia mwaka 1993 hadi 1999. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na hatutasema hapa kwamba alionewa. Mwalimu wake wa darasa la sita aliandika kwenye ripoti: "Ana akili ila yuko mtoni." Baba alisomewa maneno hayo, akacheka, kisha akamchapa.

Mtoni kwenyewe ni mwendo wa nusu saa kutoka hapa tulipo. Wageni wengi jana walilala wakiusikia ule mngurumo wakadhani ni malori. Ni Ingulumo, mahali ambapo Mto Momba unaruka kutoka milimani na kuanguka kwenye bonde letu. Kuanzia Februari hadi Mei maji hushuka pale kwa nguvu kiasi kwamba ukisimama ukingoni unaiona midomo ya mwenzako ikitembea na husikii kitu. Chini ya maporomoko kuna bwawa, na mbele ya bwawa kuna mwamba uliolala kukata mto. Maji yakipita juu ya mwamba huo huinuka, yakajikunja na kusimama. Hilo ni wimbi lisilokwenda popote. Maji yanapita, lenyewe linabaki. Sisi wa jamii ya wafugaji tuliliita Nundu, kwa kuwa limekaa kama nundu ya dume. Ziko tatu, na ya kwanza ndiyo kubwa.

Kashinje alikuwa na miaka kumi na miwili alipoona gogo limenasa juu ya Nundu ya Tatu. Halikuzama wala halikuchukuliwa. Lilikaa pale likitikisika tangu alipoanza kunywesha ng'ombe hadi alipomaliza. Akarudi nyumbani, akang'oa mlango wa jiko la mama, akaenda nao mtoni. Wiki tatu mama alipika huku mbuzi wakiingia na kutoka. Aliyepeleka habari kwa baba ni huyu anayesoma, na Kashinje hakumsamehe hadi Krismasi. Lakini mlango ule ulipokaa juu ya maji na yeye amelala juu yake, akatambaa, akapiga magoti, na siku ya tisa akasimama wima, tulikuwapo mimi na mdogo wetu Isaka, na hatukuwahi kuona binadamu mwenye furaha namna ile. Jina la Mlango, ambalo wengi mnalifahamu kuliko jina lake, lilianzia hapo.

Mwaka 2003 alikwenda Tunduma kutafuta maisha. Alipokelewa na Mzee Saidi, fundi wa maturubai ya malori, mwenyeji wa Tanga aliyehamia mpakani miaka mingi. Kashinje alishona maturubai kwa mkono na kwa cherehani kwa miaka kumi na minne, na madereva kutoka Ndola na Kitwe walikuwa wakifika kibandani wanasalimia "mwapoleni" kwa Kibemba na kumuulizia Mlango kwa jina. Kila Februari aliomba likizo hadi maji yapungue. Mzee Saidi, ambaye yuko nasi leo, alimwambia mwaka wa kwanza, "Wenzako wanaomba ruhusa ya kuuguza, wewe unaomba ruhusa ya mafuriko." Akampa. Huko ndiko alikojifunza kwa mafundi wa bodi za malori kupaka faiba, akachonga sponji la godoro, akalivika faiba, akapata ubao mwepesi unaobebwa kwapani. Ubao wa nne ndio haukuvunjika.

Tarehe 22 Agosti 2009 alifunga ndoa takatifu na Happy Silwimba wa Isansa. Kabla ya hapo alihojiwa na baba mkwe, mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache. Mazungumzo yale shemeji zetu wa Isansa huyarudia kila sikukuu.

"Kijana, nasikia una ubao unapanda mtoni."

"Ndiyo, baba."

"Unabeba nini humo?"

"Sibebi kitu, baba."

"Sasa ubao unakupeleka wapi?"

"Haunipeleki popote, baba. Nakaa pale pale, maji ndiyo yanapita."

Mzee akamgeukia binti yake. "Happy, umemsikia mwenzako?" Happy akasema amemsikia. "Na bado?" Happy akasema na bado. Mungu aliwajalia watoto wawili, Venance na Naila. Jina la Naila lilitolewa na Mzee Saidi, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Sasa tunafika kwa Jonasi.

Jonasi Simbeye alikuwa jirani yetu, mtoto pekee wa Bi Germana Simbeye, mjane. Alikuwa mdogo kwa Kashinje kwa miaka mitano, na tangu mwaka 2010, kila msimu wa maji, walikuwa hawaachani. Jonasi alijifunzia Nundu ya Tatu, ambayo ukianguka unasimama maji yakiwa kifuani. Mwaka 2014 akataka kupanda Nundu ya Kwanza. Mama yake alikataa mwezi mzima. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, kwamba mwanawe afungwe kamba kiunoni na yeye mama ashike ncha.

Sharti hilo hakulitoa hewani. Kila mtu wa bonde hili amewaona wafugaji wakivusha mifugo kwenye kivuko cha chini. Ndama hufungwa kamba, na kijana anayeongoza dume la mbele naye hufungwa kamba kiunoni, na watu ukingoni hushika. Mtu akizidiwa, anavutwa. Kamba imeokoa wengi katika familia hii, akiwamo Isaka mara mbili. Bi Germana alikuja mwenyewe kwa mama yetu kuazima kamba, na mama akampa iliyo nene kuliko zote. Hata Kashinje, ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kupanda Nundu na kamba, hakuona sababu ya kukataa. Kwetu sisi kamba ndiyo usalama. Fundo alilifunga kwa mkono wake.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 12 Aprili 2014, kama saa nne asubuhi. Jonasi alikaa juu ya Nundu ya Kwanza, amesimama, na mama yake alikuwa akicheka ukingoni. Kisha akaanguka. Asiye na kamba akianguka pale, maji humzamisha, humpitisha chini, na kabla hujahesabu hadi kumi na tano humtema kwenye mchanga wa bondeni. Kashinje alitemwa hivyo mara mia. Mwenye kamba haendi kwenye mchanga. Anabaki pale pale, na mto mzima unampitia juu, na kadiri anavyovutwa ndivyo anavyozidi kwenda chini. Kwenye kivuko maji yanatembea, na mtu unaweza kumshinda mto. Ingulumo hakuna watu wanaoweza.

Kashinje alikuwa juu ya mwamba na aliona. Alipiga kelele wamwachie. Nimeshasema mahali pale husikii kitu. Bi Germana na wanaume wawili walikuwa wameshika kamba, na walifanya ambacho mama yeyote angefanya, walivuta. Kashinje akajitupa majini na kisu chake cha kukatia turubai, akaikata. Jonasi akatoka chini ya maji, akafika mchangani peke yake, kama ambavyo angefika tangu mwanzo. Alikuwa ameshafariki.

Waliokuwa ukingoni waliona jambo moja tu: Kashinje akikata kamba iliyomshika mtoto wa mwenzake.

Polisi walimhoji siku mbili wakamwachia. Kwenye mkutano wa kijiji, tarehe 16 Aprili, mwenyekiti alimuuliza, "Ulikata kamba au hukukata?" Akajibu, "Nilikata." Akaulizwa kwa nini. Akasema, "Fundo nilifunga mimi," akakaa chini. Mkutano ukapiga marufuku mtu kupanda mawimbi Ingulumo. Tangu siku hiyo ziko nyumba hapa kijijini zilizomwita muuaji, nyingine kwa sauti ya chini, nyingine bila kujisumbua kuishusha sauti. Baadhi ya wenye nyumba hizo wako hapa, na wali wa msiba wameula. Hatuwataji. Hata dada yake anayesoma haya aliwahi kumwambia aende akapige magoti kwa Bi Germana au ahame kijiji. Akanitazama tu, akaendelea kupiga msasa ubao.

Aliyeujua ukweli ni mkewe peke yake. Happy alimshauri mara nyingi aseme. Akamjibu, "Yule mama aliivuta ile kamba kwa mikono yake miwili. Nikisema, nitakuwa nimemfisha mtoto wake mara ya pili." Basi ikawa hivyo. Kila alipokutana na Bi Germana, kisimani, kanisani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, Kashinje alisimama, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mama." Bi Germana akapita. Hesabu siku za miaka kumi na moja. Hakuwahi kuacha kumwamkia na hakuwahi kuitikiwa. Happy anasema alikuwa akirudi nyumbani anauliza chakula kama kawaida, lakini siku hizo hakuwa akila. Katika maisha yake ndugu yetu hakutaka utajiri, hakutaka cheo. Alitaka marahaba ya mtu mmoja.

Mwaka 2017 alirudi Nkalanzi moja kwa moja, akafungua kibanda cha kushona maturubai na mifuko ya kuhifadhia mpunga. Mwezi Machi mwaka huo mtumbwi ulipinduka kwenye kivuko, na Kashinje akawatoa watu watano kwa ule ubao wake. Baada ya hapo kijiji kiliondoa marufuku, kwa aibu au kwa shukrani, hatujui. Akaanzisha kikundi cha vijana, na amefundisha watu thelathini na wawili, wasichana kumi na mmoja wakiwamo. Dereva mmoja wa Kitwe aliwapiga picha za video, zikazunguka kwenye simu, na kila msimu wakaanza kuja wageni na mbao zao za bei kubwa. Kashinje aliwapokea wote kwa sheria moja ambayo haikuwa na mjadala: kamba haisogelei Ingulumo, si ya kiunoni, si ya mguuni. Mgeni mmoja aliyebisha alirudishwa barabarani na mzigo wake. Walipomuuliza sababu, alisema, "Mto huu haupendi kamba," akabadilisha mazungumzo. Katika miaka minane ya kikundi kile hakuna aliyepoteza hata jino.

Tarehe 7 Februari 2023 jirani yetu Amoni alikuwa akivusha ng'ombe, na mtamba mmoja akachukuliwa na maji hadi kwenye mkondo wa chini ya Nundu akiwa na kamba shingoni. Amoni na wanawe wakavuta. Kichwa cha mtamba kikaingia ndani. Wakavuta zaidi, kikazama kabisa. Amoni alipochoka akaachia, akasema basi, amekwisha. Mtamba akaibuka hatua thelathini kufuata mkondo, akapanda mchangani, akajipukusa, akaanza kula majani. Bi Germana alikuwa pale akiosha vyombo. Amoni anasema yule mama aliketi mchangani na sufuria mkononi, na jua lilipozama alikuwa bado ameketi.

Hakuja kwetu mwaka huo, wala mwaka uliofuata.

Mwezi Septemba 2024 Kashinje alianza kukwama na chakula. Alidhani ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za dukani. Desemba alipelekwa hospitali ya rufaa Mbeya, akagundulika ana saratani ya koo iliyokwisha kuenea. Alipata matibabu hadi Aprili, kisha madaktari wakaturuhusu tumrudishe nyumbani. Aliomba kitanda kiwekwe upande wa dirisha la mashariki, ambako mngurumo unasikika vizuri. Uzito wake ulishuka akabaki kilo arobaini na tatu, lakini vijana wake walipokuja kumuona aliwauliza kina cha maji, na wakidanganya aliwakamata.

Jumapili tarehe 11 Mei mwaka huu, tukiwa tumetoka kanisani, Bi Germana alipiga hodi. Happy alikuwa akikoroga uji. Rosemary alisimama mlangoni, na kusema kweli nusura amzuie. Kutoka kitandani Kashinje akasema, kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo sana, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Germana.

Akaingia, akakaa kwenye kigoda. Happy aliacha kukoroga.

"Ile kamba niliivuta mimi," akasema.

"Ulikuwa unamshika mwanao, mama."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Fundo nilifunga mimi. Hilo lilinitosha kulibeba. Lako lingekuwa zito."

Bi Germana akalia, na hakufunika uso. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo aliyotaka yasomwe hapa kama alivyoyasema: "Miaka tisa nilikuchukia kwa kutojua, na Mungu anajua sikujua. Lakini miaka miwili hii nimejua. Nimekuona njiani, umevua kofia, unaniamkia, na mimi najua, na napita. Niliona haya. Watu wakikutukana mbele yangu nikanyamaza. Sikuja kwa ajili ya ile tisa. Nimekuja kuomba msamaha wa hii miwili."

Kashinje alifumba macho, tukadhani amelala. Akasema, "Basi kaa hapo, mama. Uji utapoa."

Bi Germana ndiye aliyemlisha, kijiko kwa kijiko, na siku hiyo Kashinje alimaliza kikombe kizima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Aprili. Siku ishirini na mbili, kuanzia kesho yake, Bi Germana alikuja kila asubuhi. Mama yetu na yeye waligawana kazi ya kumgeuza na kumfulia. Wanawake hawa wawili hawakuwa wamesalimiana tangu siku ya kuazimana kamba, na mama naye alikuwa na lake la kulia, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa iliyo nene. Walilia pamoja, wakanyamazishana, wakaulizana habari za kuku.

Kashinje Makene aliaga dunia Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, saa tatu na robo asubuhi, hapa nyumbani, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja. Mkewe alikuwa amemshika mkono wa kulia. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mchungaji na wazee wa kanisa, Mzee Saidi aliyegharamia safari za Mbeya bila kuombwa, na vijana wa kikundi waliochimba kaburi hili.

Marehemu ameacha mama, Mayu Kabula, mjane wake, Happy, watoto wawili, Venance na Naila, dada, Rosemary, na mdogo wake, Isaka.

Rasimu ya kwanza haikuishia hapo. Juzi tulimsomea Bi Germana rasimu, kwa kuwa mambo yake yamo, na mwisho kabisa Rosemary alikuwa ameandika: "pamoja na jirani mpendwa, Bi Germana Simbeye." Akasikiliza yote hadi neno lile. Akauliza kama mchapaji wa Mlowo ameshaanza kuchapa. Tukasema bado. Akasema, "Mpigieni. Hilo la jirani alifute. Mtoto wangu wa kwanza nilimzika bila kujua kilichomuua. Huyu nimemlisha, nimemfulia, nimemfumba macho. Niandikeni nilipo."

Kwa hiyo orodha inasomeka hivi: Marehemu ameacha mama wawili, Mayu Kabula na Bi Germana Simbeye; mjane wake, Happy, watoto wawili, Venance na Naila, dada, Rosemary, na mdogo wake, Isaka.

Mungu ampokee Kashinje wetu, na amani ambayo hapa duniani aliipata kwa siku ishirini na mbili awe nayo sasa siku zote. Amina.